Bakuli la Buluu: Jinsi Sanaa ya Kiislamu Ilivyokua kwa Kujibizana

Mwaka 1998, wavuvi waliokuwa wakizamia majongoo bahari karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, walikuta rundo la vyombo vya udongo chini ya maji. Ilikuwa shehena ya meli iliyozama katika karne ya 9. Mbao zake zilishonwa kwa kamba bila misumari, kama mitepe ya mwambao wetu. Ndani mlikuwa na vyombo vipatavyo 60,000 vya China, na bakuli moja lina tarehe inayolingana na mwaka 826. Katika wingi huo wote, sahani tatu ndizo zilizowagutusha zaidi wanahistoria: nyeupe, zenye michoro ya buluu.

Hizo ndizo sahani nzima za Kichina za buluu na nyeupe zilizo kongwe kuliko zote zinazojulikana. Lakini michoro yake inafanana na ile ya wafinyanzi wa Basra, Iraq. Inaelekea fundi wa China alichora kwa kufuata ladha ya wanunuzi wa Ghuba.

Wengi wetu tunaposikia sanaa ya Kiislamu tunafikiria mtindo mmoja ulioanzia Uarabuni, kisha ukasambazwa ulivyo. Historia ya vyombo hivi inasema jambo jingine kabisa. Kila taifa lilipokea kitu kutoka kwa jirani, likakijibu kwa mikono na malighafi yake, na jibu hilo likasafiri tena.

Tuanze Basra, enzi za Bani Abbasi. Matajiri wa Iraq walizitamani sana kauri za China, lakini wafinyanzi wao hawakuwa na udongo mweupe wala tanuri za moto mkali kama za Wachina. Udongo wao ulikuwa wa manjano. Wakabuni njia yao: walichanganya bati katika utandu wa kioo unaofunika chombo, na utandu ukawa mweupe pepe. Juu ya weupe huo walichora kwa kobalti majani ya mitende na, katikati ya bakuli, maneno ya Kiarabu ya kumtakia heri mwenye chombo.

Hawakuishia hapo. Walipaka madini ya fedha na shaba juu ya chombo kilichokwisha kuchomwa, wakakirudisha katika tanuri yenye moshi mzito na hewa kidogo. Kikatoka kinang'aa kama dhahabu.

Ufundi wa mng'aro huo ulifika Misri ya Wafatimi na kupata sura mpya. Mafundi wa huko walichora wanyama, wapiga muziki na watu wa kila siku. Bakuli moja la wakati huo, lililoko leo katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert, London, lina picha ya kasisi wa Kikopti. Sanaa tunayoiita ya Kiislamu ilikuwa mali ya jamii nzima, pamoja na Wakristo walioishi ndani yake.

Nchini Iran, mji wa Kashan ulipata sifa kwa vyombo na vigae vyake. Mwaka 1301, Abu'l-Qasim, mtu wa ukoo wa wafinyanzi wa mji huo, aliandika kanuni ya kazi: sehemu kumi za unga wa mawe ya kwatzi, sehemu moja ya kioo kilichosagwa na sehemu moja ya udongo mweupe. Kobalti ya Iran nayo ilisafirishwa hadi China. Katika karne ya 14 mafundi wa Jingdezhen wakaitumia kutengeneza kauri za buluu na nyeupe kwa wingi, yakiwamo masinia makubwa yaliyowafaa Waislamu waliokula pamoja katika chombo kimoja. Zamani za mfalme Zhengde, mwanzoni mwa karne ya 16, kauri za China zilipambwa hata kwa hati ya Kiarabu.

Waturuki nao wakajibu. Wafinyanzi wa Iznik walianza na buluu na nyeupe, wakaongeza kijani, kisha katikati ya karne ya 16 wakapata nyekundu iliyokolea. Walijaza vigae vyao maua ya tulipu na waridi. Anayeingia Msikiti wa Rüstem Pasha mjini Istanbul, kazi ya msanifu mkuu Sinan, huona kuta zilizofunikwa bustani nzima.

Na sisi? Mwaka 1955, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Uingereza, Mortimer Wheeler, alitembea katika fukwe za Tanganyika, akasema kwamba historia ya nchi hii iliyofukiwa ardhini imeandikwa kwa kauri za China. Alivutiwa na wingi wa vipande vya vyombo vilivyotapakaa. Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni yale waashi wetu waliyoyafanya na vyombo vilivyokuwa bado vizima.

Waswahili walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Katika msikiti mdogo wa makuba wa Kilwa Kisiwani, walipachika mabakuli yenye mng'ao kwenye dari. Kunduchi na Mambrui, waliyapachika katika nguzo za makaburi. Katika nyumba za Lamu, kuta zilichongwa zidaka, safu juu ya safu, na kauri zikapata mahali pa heshima. Fundi wa mwambao alilitoa bakuli katika shughuli za chakula, akalifanya sehemu ya jengo na kumbukumbu ya marehemu. Hilo ni jibu letu katika mazungumzo yale yale ya Basra, Kashan, Jingdezhen na Iznik, na lina hadhi sawa na mengine.

Kwa hiyo inauma kuona makaburi mengi yamebaki na matundu ya mviringo tu. Baadhi ya mabakuli yalivunjika, mengine yaling'olewa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, lakini orodha haimzuii mtu mwenye patasi. Kazi ya kuyalinda ni ya wanakijiji wanaoishi jirani na magofu, walimu wanaoweza kuwapeleka wanafunzi kuyaona, na halmashauri zinazopanga viwanja kando yake. Kitabu chochote cha sanaa ya Kiislamu kinachoishia Cairo na Isfahan kina ukurasa uliokosekana. Kuuandika ukurasa huo ni juu yetu, na tuuandike wakati ushahidi bado umo ukutani.