Wauguzi wa Kenya: Chama, Mgomo na Mkataba

Mwaka 1968, Kenya ikiwa na miaka mitano tu ya uhuru, wauguzi wake waliunda chama chao cha kitaifa, kinachojulikana hadi leo kwa kifupi cha NNAK. Hospitali kubwa ya Nairobi ilikuwa imeacha jina la Mfalme George wa Sita miaka minne nyuma na kuitwa Kenyatta. Waafrika ambao enzi za ukoloni walipokea amri wodini sasa walikabidhiwa funguo, madaftari na dhamana yote. Kazi waliijua. Walichokosa ni mahali pa kukutana na kusema kwa sauti moja kama watu wa taaluma.

Historia hii haiwezi kuandikwa bila Eunice Muringo Kiereini. Alikuwa Afisa Mkuu wa Uuguzi katika Wizara ya Afya, na mwaka 1981 wauguzi wa dunia walimchagua kuwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, ICN, chombo kilichoanzishwa 1899 na ambacho makao yake yako Geneva. Hakuna Mwafrika aliyekuwa amekalia kiti hicho kabla yake. Alikishika hadi 1985. Katikati ya muhula wake, Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Wauguzi ya 1983, Sura ya 257, iliyounda Baraza la Wauguzi la Kenya. Baraza hilo ndilo hutahini, husajili na hutoa leseni. Ndilo pia humwita muuguzi aliyekosea na kumtaka ajieleze. Ni kazi isiyopigiwa ngoma, lakini mama anayejifungua usiku wa manane hana kinga nyingine dhidi ya mtu asiyejua anachokifanya.

Kwa miaka mingi NNAK ilijikita kwenye elimu na hadhi: makongamano ya kila mwaka, matawi mikoani, mafunzo endelevu ambayo muuguzi huhitaji ili leseni yake ihuishwe. Mapema miaka ya 2000 ilikuwa wazi kwamba wauguzi wengi nchini walikuwa na cheti tu, ilhali magonjwa waliyokabiliana nayo, Ukimwi ukiwa mbele, yalidai ujuzi wa ngazi ya diploma. Kuwatoa maelfu ya watu vituoni ili warudi darasani kungefunga zahanati. Ndipo mwaka 2005 shirika la AMREF, Baraza la Wauguzi, wizara na kampuni ya Accenture walipoanzisha masomo kwa njia ya kompyuta, wakilenga wauguzi wapatao 22,000. Mtu alisoma akiwa kwenye kituo chake, akapanda ngazi bila kuwaacha wagonjwa wake. Miongoni mwa mambo yote yaliyofanywa kwa ajili ya taaluma hii nchini, hili linastahili sifa zaidi ya lilizopata.

Ila diploma haikulipa kodi ya nyumba.

Hapo ndipo chama cha taaluma kilipofika ukingoni. NNAK haikuwa chama cha wafanyakazi. Haikuwa na nguvu ya kisheria ya kuketi na mwajiri na kupatana juu ya mshahara. Chama cha watumishi wa umma chenyewe kilikuwa kimepigwa marufuku na serikali ya Rais Daniel arap Moi mwaka 1980, kikaja kuruhusiwa tena 2001. Kwa zaidi ya miaka 20, muuguzi wa serikali aliyetaka nyongeza ya mshahara hakuwa na mlango wa kubisha. Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo: Kifungu cha 41 kilimpa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma.

Haki ikiwa kwenye karatasi bado ilihitaji kupiganiwa. Machi 2012 wahudumu wa afya waligoma, na serikali ikatangaza kuwafuta kazi 25,000 kwa mkupuo, kabla ya kurudi nyuma. Desemba mwaka huo huo wauguzi waligoma tena, safari hii wakidai chama kipya cha kutetea maslahi yao, KNUN, kitambuliwe rasmi. Katibu Mkuu wake, Seth Panyako, akawa uso wa wauguzi kwenye taarifa za habari kwa miaka iliyofuata. Tangu hapo wauguzi wa Kenya wana vyombo viwili: NNAK kwa ajili ya taaluma, KNUN kwa ajili ya mkataba.

Anayeshangaa ni kwa nini walihitaji vyote viwili na aende zahanati yoyote ya mashambani siku ya kliniki. Muuguzi hufungua mlango, na kabla hajasalimu foleni hutazama kipimajoto cha friji ya chanjo, kwa maana lazima kisome kati ya nyuzi 2 na 8. Huandika asubuhi na ataandika tena jioni. Kisha hupima wajawazito shinikizo la damu, huchanja watoto, hufunga vidonda, hugawa dawa, na kila jina huliingiza kwenye daftari lake: la wajawazito mbali, la uzazi mbali, la chanjo mbali. Wengi wanaomjia humwita daktari, kwa kuwa daktari mwingine hawajamwona. Uchungu ukimshika mama mmoja kwenye foleni, kazi nyingine zote husimama. Mwisho wa mwezi ripoti ni yake pia.

Tarehe 1 Juni 2013 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza uzazi wa bure katika hospitali za umma. Lilikuwa jambo jema, na akina mama waliitika. Miezi miwili baadaye, Agosti, huduma za afya zilihamishiwa kwenye kaunti 47. Muuguzi aliyekuwa na mwajiri mmoja Nairobi akajikuta chini ya gavana, na kila kaunti na mambo yake: huku mishahara ikichelewa, kule vyeo vikikwama. Wodi za uzazi zilijaa. Ajira hazikwenda kwa mwendo huo.

Desemba 2016 wauguzi waliweka vifaa chini pamoja na madaktari, wakarudi kazini mapema kwa ahadi ya mkataba. Madaktari waliendelea hadi siku ya 100. Mkataba wa wauguzi ulipofika mbele ya Tume ya Mishahara na Marupurupu, ukakataliwa kwa hoja ya gharama. Juni 5, 2017 wakatoka tena. Walikaa nje siku 150. Uchaguzi wa rais wa Agosti ulipita wakiwa nje, Mahakama ya Juu ikaufuta wakiwa nje, uchaguzi wa marudio wa Oktoba ukafanyika wakiwa nje. Walirudi Novemba 2 baada ya kutia saini makubaliano ya marupurupu ya huduma na ya sare.

Ni lazima isemwe wazi kwamba miezi hiyo mitano iliumiza watu. Mwenye pesa alikwenda hospitali ya kibinafsi au ya misheni. Asiyenazo alijifungulia nyumbani, na mtoto wake akakosa chanjo kwa tarehe yake. Wauguzi walilijua hilo, wakalia nalo, na mishahara yao pia ikasimamishwa. Lakini lawama haiwezi kuwaishia wao. Serikali iliyoahidi Desemba na kukataa kulipa Juni ndiyo iliyoacha akina mama mlangoni.

Na makubaliano ya Novemba nayo? Februari 2019 wauguzi waligoma kwa sababu kaunti kadhaa hazikuwa zimelipa marupurupu yale yale. Mahakama ilisimamisha mgomo, na Rais akawaamuru warudi kazini la sivyo wafutwe. Desemba 2020, Korona ikiwa imeshaua wahudumu wenzao, waligoma wakidai vifaa vya kujikinga, bima ya matibabu na marupurupu ya hatari. Waliomhudumia mgonjwa wa Korona walilazimika kugoma ili wapate barakoa na glavu. Mgomo huo uliendelea hadi Februari 2021.

Katikati ya mivutano hiyo taaluma haikulala. Mei 12, 2022, Siku ya Wauguzi Duniani, muuguzi Anna Qabale Duba wa Marsabit alisimama jukwaani Dubai na kupokea tuzo ya kwanza ya kimataifa ya Aster Guardians, dola 250,000, akiteuliwa kati ya waombaji zaidi ya 24,000. Kijijini kwao Torbi amejenga shule ambapo watoto husoma mchana na wazazi wao hufuata, na huko huko anapambana na ukeketaji na ndoa za utotoni. Mtu wa wodini akawa mwalimu wa kijiji kizima, na dunia ikaona.

Mwaka uliotangulia tuzo hiyo, Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kupeleka huko wauguzi wa Kenya wasio na ajira. Novemba mwaka huo Uingereza yenyewe ikaiweka Kenya kwenye orodha ya nchi ambazo wauguzi wake hawaruhusiwi kuvutwa ovyo, ila kwa makubaliano ya serikali na serikali. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshahesabu upungufu wa wauguzi milioni 5.9 duniani, asilimia 89 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati-chini, kundi ambalo Kenya imo. Na bado nchi hii yenye zahanati za muuguzi mmoja ina wauguzi waliosomeshwa, waliosajiliwa, wenye leseni, waliokaa nyumbani wakisubiri tangazo la kazi.

Hakuna anayepaswa kumzuia muuguzi anayetaka kwenda London. Ni haki yake na jasho lake. Lakini magavana 47 na Wizara ya Afya wana deni la kulipa kwanza. Walipe kikamilifu walichokitia saini 2017, na kila zahanati yenye muuguzi mmoja ipate wa pili kutoka kwa hao wanaosubiri nyumbani.