Sam Ntiro: Mwalimu wa Kuchora Kabla na Baada ya Ubalozi

Mwaka 1993 Tanzania ilimpoteza Sam Joseph Ntiro. Wanaoandika historia ya diplomasia yetu humtaja kuwa balozi wa Tanganyika huru nchini Uingereza kuanzia 1961 hadi 1964. Wanaoandika historia ya utumishi wa umma humtaja kuwa Kamishna wa Utamaduni. Vyeo hivyo ni vya kweli na vya heshima. Hata hivyo, kabla ya ubalozi na baada yake, Ntiro alikuwa mwalimu wa kuchora. Nataka kumkumbuka kwa kazi hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyobeba swali ambalo taifa letu bado halijalijibu: mtoto asiyefundishwa kukitazama kilicho chake atakithamini vipi atakapopewa ofisi?

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, katika miteremko ya Kilimanjaro. Alikulia katika nchi ya migomba na kahawa, wakati ambapo wakulima wa Kichagga walikuwa wakijipanga kuuza zao lao wenyewe. Chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kiliundwa mwaka 1933. Katika miaka ya 1940 alikwenda Makerere, Uganda. Huko alimkuta Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuwa ameanza kufundisha sanaa mwaka 1937 kwa madarasa yasiyo rasmi, na ambaye shule ya sanaa ya Makerere ilikuja kuitwa kwa jina lake.

Mbinu ya Trowell ilikuwa ya kipekee kwa zama zake. Badala ya kuwapa wanafunzi picha za Ulaya wazinakili, aliwasimulia kisa au kuwaeleza tukio, kisha akawaacha wachore walichokiona akilini. Wapo waliomsifu kwa kuulinda ubunifu wa Kiafrika. Wapo pia waliouliza swali zito: ni nani aliyempa mkoloni mamlaka ya kuamua Mwafrika ajifunze nini na asijifunze nini ili abaki kuwa Mwafrika? Naliona swali hilo kuwa halali. Kumlinda mtu asiguswe na maarifa ya dunia kunaweza kuwa namna nyingine ya kumtawala.

Hapo ndipo maisha ya Ntiro yanapopata uzito wa kihistoria. Alipata nafasi ya kusoma Slade, shule maarufu ya sanaa jijini London, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950. Aliziona kanuni za Ulaya zikifundishwa kwenye chimbuko lake. Kisha akarudi Makerere kufundisha, na picha zake zikabaki na sura ileile: watu wadogo wengi, milima na migomba iliyopangwa kama kitambaa, rangi bapa, kila kiumbe kikiwa na shughuli yake. Wakosoaji walisema hakujifunza kitu. Mimi nasoma jambo jingine. Kabla ya London, mtindo ule ungeweza kuitwa zao la mwalimu wake. Baada ya London, ulikuwa uamuzi wake mwenyewe, kwa kuwa sasa alikuwa na njia nyingine mkononi na hakuifuata.

Tazama anachokichora. Watu wanachuma kahawa, wanakata miti, wanakwenda sokoni. Ni nadra mtu mmoja kuitawala picha. Kazi inafanywa na wengi. Picha yake ya mwaka 1956 inaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Ilichorwa miaka 11 kabla ya Azimio la Arusha, wala haina kaulimbiu hata moja, lakini inamwonyesha mtazamaji jinsi jamii inavyofungwa pamoja kwa wajibu, kwa mzigo na kwa sherehe. Mwanasayansi ya jamii angehitaji sura nzima ya kitabu kuyaeleza hayo.

Picha hiyo leo ni mali ya Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Silalamiki kwamba imehifadhiwa. Afadhali iliyohifadhiwa ugenini kuliko iliyooza nyumbani. Kinachonisumbua ni kwamba ninapolitaja jina la Ntiro mbele ya wanafunzi wangu, wengi hulisikia kwa mara ya kwanza.

Mwalimu hupimwa pia kwa kizazi kilichopita katika shule yake. Katika miaka hiyo ya 1950 alisoma Makerere kijana mwingine wa Kilimanjaro, Elimo Njau. Huyu alichora kwenye kuta za kanisa huko Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu akiwa Mwafrika, katika mandhari ya nchi ya Wakikuyu, na baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Ntiro naye aliporudi nyumbani kutoka London, pamoja na kazi ya serikali, aliendelea kufundisha, hata katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu aliyekwisha kuwa balozi hakuona haya kurudi kushika chaki na brashi.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa, akijua kwamba bendera peke yake haimfanyi mtu kuwa huru. Wizara zimekuwapo, zikibadilishwa majina na kuunganishwa na nyingine. Darasani, hata hivyo, nilikosoma mimi, kipindi cha kuchora kiligeuzwa kuwa cha marudio ya Hisabati kila mtihani ulipokaribia. Hakuna aliyeona kwamba kitu kimepotea, kwa sababu hakikuwa kikitahiniwa.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wangu mambo machache yanayowezekana. Mwanafunzi wa historia, tafuta waliofundishwa na Ntiro na walimu wenzake, uandike simulizi zao wangali hai. Mtumishi wa umma unayepanga ratiba na bajeti, ulizia somo la sanaa lina walimu wangapi katika wilaya yako, na vifaa gani. Mwanaharakati, unapodai kurejeshwa kwa vitu vyetu vilivyo ng'ambo, dai pia mahali pa kuviweka na watoto waliofundishwa kuvisoma. Picha itakayorudi kwa watu wasiojua kuitazama itakuwa bado iko ugenini.