Nani Aliyeupima Mzigo? Mgongo wa Mchukuzi katika Historia ya Kigali

Siku hizi maumivu ya mgongo huhesabiwa kuwa kosa la mwenye mgongo: kakaa vibaya, kainama vibaya, kanyanyua vibaya. Historia ya Kigali, mji uliojengwa kwa mizigo ya kichwani na begani, inatoa hukumu nyingine. Mchukuzi wa milima hii alijua kuutunza mgongo wake. Kilichomuumiza zaidi ni kunyang'anywa uamuzi juu ya uzito, umbali na mapumziko.

Richard Kandt alipoweka makao ya Wajerumani Nyarugenge mwaka 1907, kila kitu kilipanda kilima kwa nguvu za binadamu. Wanyarwanda walikuwa na ingata, yaani kata ya majani inayotuliza mzigo kichwani ili uzito ushuke wima juu ya uti wa mgongo badala ya kuuvuta upande mmoja. Mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, machela ya kusukwa, na majirani walipokezana mabega njiani. Kupokezana huko kulikuwa kinga ya mgongo kama kulivyokuwa wajibu wa ujirani. Utafiti wa Maloiy na wenzake, uliochapishwa mwaka 1986, uliwapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya waliozoea kubeba mizigo. Waliweza kuchukua hadi sehemu ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya anayetembea mikono mitupu. Zaidi ya hapo, gharama ilipanda kadiri mzigo ulivyoongezeka. Kumbe ustadi upo, ila una kikomo.

Kikomo hicho ndicho kilichovunjwa. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa misafara ya Afrika Mashariki ulikaribia kilo 30, nusu ya uzito wa mwanamume wa kilo 60. Hata hivyo, wapagazi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi, waliweza kubishania mzigo na mwendo, hata kugoma. Mkulima wa Rwanda aliyeitwa kwa amri, chini ya Wajerumani na kisha Wabelgiji walioitwaa nchi mwaka 1916, hakuwa na nafasi hiyo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1930 kuhusu kazi ya kulazimishwa ulitaka upagazi wa shuruti ukomeshwe upesi. Wakati mwisho wake ukingojewa, ulitaka sheria zitaje uzito wa juu, umbali wa juu kutoka nyumbani na idadi ya siku kwa mwezi. Waandishi wake walitambua kwamba mchukuzi hulindwa kwa mipaka.

Huenda mtu akasema mzigo wa kichwani ni mbaya wenyewe, uwe mwepesi au mzito. Ushahidi anao: Echarri na Forriol, mwaka 2002, walieleza uchakavu mkubwa zaidi katika pingili za shingo za wachukuzi wa kuni wa Kongo. Hoja hiyo ni ya kweli, na ingata haiwezi kuifuta. Lakini hao ni watu ambao kubeba ndiko riziki yao, na shingo zao zinathibitisha kwamba ustadi hauwezi kufidia mzigo usio na mpaka. Mwingine atasema Kigali ya leo inaumia kwa kiti cha ofisi. Hapo pia swali ni lilelile: nani anaamua mtu akae saa ngapi bila kuinuka? Hakuna mkao mmoja uliothibitishwa kuzuia maumivu, na tathmini za tafiti zimeonyesha kuwa mikanda ya kiuno haiwakingi wafanyakazi. Kubadili mkao, kutembea na kupumzika kuna manufaa zaidi, na yote yanahitaji ruhusa ya anayesimamia kazi.

Kwa hiyo mafunzo ya tiba ya viungo, yaliyoanza katika Taasisi ya Afya ya Kigali iliyoundwa mwaka 1996, yanastahili heshima, lakini mtaalamu hawezi kumtibu karani ngufu, yaani mchukuzi wa sokoni, anayelipwa kwa kila gunia. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume asibebe zaidi ya kilo 55. Magunia yafungwe kwa kipimo hicho au chini yake, mikokoteni iruhusiwe kufika penye mizigo, na malipo yasimwadhibu anayepumzika. Mgongo hauwezi kunyooshwa kwa mawaidha huku uzito ukipangwa na mtu asiyeubeba.