Mawazo Yetu na Kumbukumbu ya Msalaba



Wapendwa waamini, Kanisa Kuu letu hapa Dodoma limewekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Wengi wetu tumelitamka jina hilo tangu utoto, lakini tukiulizwa mtakatifu huyu alikuwa nani tunasitasita, na wengine humchanganya na Mtume Paulo. Juma hili napenda tuitazame historia yake, kwa maana ndani yake tunajifunza jinsi mawazo ya Mkristo yanavyoujenga au kuubomoa mwenendo wake.

Paulo alizaliwa Ovada, kaskazini mwa Italia, tarehe 3 Januari 1694, mtoto wa mfanyabiashara. Tarehe 22 Novemba 1720, akiwa na umri wa miaka 26, alivikwa vazi jeusi na Askofu Gattinara wa Alessandria, kisha akaingia katika mafungo ya siku 40 kwenye chumba duni cha kanisa la Mtakatifu Karoli, huko Castellazzo. Katika siku hizo aliandika kanuni ya shirika alilotamani kulianzisha. Aliandika pia shajara ya yale yaliyopita moyoni mwake siku kwa siku.

Shajara hiyo imetufikia. Anayeifungua akitarajia kusoma furaha tupu atashangaa, kwani mtakatifu anakiri bila kuficha kwamba alipatwa na ukavu wa roho, huzuni, na mawazo yaliyotawanyika wakati wa sala. Naye alifanya nini? Alirudi kwenye Mateso ya Yesu, akazungumza na Bwana juu ya mateso hayo kama mtu anavyozungumza na rafiki yake. Hakuuacha moyo wake ukae mtupu, bali aliupa kitu cha kukumbuka.

Hekima hiyo ina mizizi ya kale katika bara letu la Afrika. Katika jangwa la Misri aliishi mmonaki Evagrius, aliyefariki mwaka 399. Yeye alipanga mawazo yanayomsumbua mtu katika makundi manane, miongoni mwake ulafi, hasira, huzuni na kiburi. Alifundisha kwamba si juu yetu kuamua kama mawazo hayo yatatujia au hayatatujia. Lililo juu yetu ni kuamua kama yatakaa. Wazo baya linapopita, bado si dhambi. Tukilikaribisha na kulilisha, ndipo linapoanza kututawala. Bwana wetu mwenyewe alisema, katika sura ya 7 ya Injili ya Marko, kuwa uovu unaomtia mtu unajisi hutoka ndani, moyoni mwake.

Paulo wa Msalaba aliifanya hekima hiyo kuwa sheria ya maisha. Wanashirika wake, tunaowaita Wapasionisti, pamoja na nadhiri za ufukara, usafi wa moyo na utii, huweka nadhiri ya pekee ya kudumisha kumbukumbu ya Mateso ya Kristo. Tutafakari jambo hilo: watu wanamwekea Mungu nadhiri juu ya kile watakachokikumbuka! Paulo alifariki Roma tarehe 18 Oktoba 1775, na Papa Pius IX akamtangaza mtakatifu mwaka 1867.

Wapasionisti kutoka Italia walifika katika nyanda hizi za kati katika miaka ya 1930, na mwaka 1935 ikaundwa Prefektura ya Kitume ya Dodoma. Waliwakuta Wagogo ambao bado walikuwa na kumbukumbu ya Mtunya, ile njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920, wakati majeshi ya wakoloni yalipochukua mifugo, nafaka na wapagazi, na mvua nazo zikakosekana. Kwa watu waliojua mateso, walileta habari za Mungu aliyeteseka. Mwaka 1953 Dodoma ikawa jimbo chini ya Askofu Pesce, Mpasionisti. Mwaka 1972 likaongozwa na Askofu Matthias Isuja, mwana wa nchi hii. Na mwaka 2014 likawa Jimbo Kuu.

Ndugu zangu, sisi tunakumbuka nini? Yupo anayekumbuka tusi alilotukanwa miaka 20 iliyopita kuliko anavyoikumbuka Ekaristi ya Jumapili iliyopita. Yupo ambaye mvua ikikatika, ng'ombe wakifa au mtoto akiugua, wazo lake la kwanza ni kuuliza: ni nani aliyenifanyia hivi? Wazo hilo likilelewa huwa shuku, shuku huwa neno la kunong'ona, na neno huwa panga. Katika nchi yetu wako bibi vizee waliouawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na kila mauaji ya namna hiyo yalianza na wazo ambalo hakuna aliyelifukuza.

Wakulima wa zabibu wa hapa kwetu wanajua kwamba mzabibu usiopogolewa huota majani mengi na kuzaa kidogo. Basi, tuyapogoe mawazo yetu yangali machanga. Kila jioni kabla ya kulala, tumsimamie Yesu msalabani kwa kitambo kidogo, tujiulize: leo nimelilisha wazo gani? Kama ni kinyongo juu ya jirani, tukiweke mbele ya yule aliyewaombea msamaha waliomsulubisha, na kesho yake tuwe wa kwanza kumsalimu jirani huyo.

Mtakatifu Paulo wa Msalaba, utuombee.