Masinga Yetu: Historia Fupi ya Mji na Watu Wake

Ukishika barabara ya Thika kwenda Garissa, ukaipita Matuu, utafika Kangonde. Hapo njia ya Embu inakata kushoto, na ukiifuata utaingia Masinga. Nchi yetu iko chini ya milima ya Machakos, kiasi cha mita elfu moja na ushee kutoka usawa wa bahari. Jua lake ni kali na udongo wake mwekundu. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, lakini mkulima wa hapa hutegemea zaidi ile ya Oktoba hadi Desemba. Ya Machi mara nyingi hupita juu ikatuacha tunaangalia mawingu. Kaskazini mpaka wetu ni mto Tana, na ng'ambo yake ni Embu.

Tana ndiyo iliyotufanya tulivyo, na kisa chake kimoja sharti kitajwe. Mwaka 1851 Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Kitui, alikuwa safarini kuelekea mto huu pamoja na mmisionari Ludwig Krapf. Waliviziwa njiani, Kivoi akauawa. Krapf alikimbia peke yake akiwa na kiu ya kufa, akaufikia mto, akanywa. Kwa kuwa hakuwa na chombo, alijaza maji kwenye mtutu wa bunduki na kwenye mkoba wa darubini yake, kisha akaanza safari ya kurudi. Wakamba waliijua shida hiyo vizazi vingi kabla yake: katika nchi hii, safari hupangwa kwa kuuliza kwanza maji yako wapi.

Zamani hapa palikuwa malisho zaidi kuliko mashamba. Ng'ombe ndio walikuwa mali, na thamani yao ilionekana mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipotaka kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kudai ng'ombe wao. Yeye alipelekwa kifungoni Lamu, lakini serikali ililegeza kamba. Kila mwenye boma kame la Machakos, Masinga ikiwemo, ana deni la heshima kwake.

Baadaye milima ilijaa watu. Familia kutoka sehemu zenye rutuba na msongamano ziliteremka kutafuta ardhi huku kwenye joto. Walikuja na mbuzi, mbegu za mtama, kunde, mbaazi na ndengu, na wakaja na mwethya. Huwezi kuielewa Masinga bila mwethya. Watu wa utui (kijiji) mmoja hukusanyika, leo kwa huyu na kesho kwa yule, wakachimba matuta ya fanya juu, wakajenga nyumba, wakazuia korongo lisile shamba. Kina mama ndio waliokuwa mbele, jembe mkononi na wimbo mdomoni, na sufuria ya muthokoi ikiwangoja kivulini. Matuta yaliyorudisha uhai kwenye vilima vya Machakos, na kusifiwa na wataalamu wa dunia nzima, yalichimbwa hivyo, kwa mikono. Baada ya uhuru jembe lilelile liliingia kwenye harambee, yakapatikana madarasa, makanisa na zahanati. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba Masinga ni mtoto wa mwethya kabla ya kuwa mtoto wa bwawa.

Bwawa la Masinga lenyewe lilianza kujengwa mwaka 1978 na kukamilika 1981. Kati ya mabwawa ya umeme ya mto Tana, Kindaruma ilikuwa imetangulia mwaka 1968, Kamburu 1974, na Gitaru 1978 hiyohiyo, lakini zote zilikuwa na hifadhi ndogo ya maji: kiangazi kikija, mto ukipungua, umeme nao ulipungua. Ilihitajika Masinga juu ya zote, iwe mtungi wa kuwekea maji ya msimu wa mvua na kuyagawa taratibu wakati wa ukame. Ukuta wa udongo na mawe ulipandishwa kufikia mita 60, na nyuma yake likatanda ziwa la kilomita za mraba 120 hivi, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 1,560. Mahali mto Thika ulipokutana na Tana pakazama. Mitambo yetu hutoa megawati 40 tu, na wageni huiona midogo. Hawajui kwamba maji yaleyale yanapotoka hapa yanateremka kuzungusha mitambo ya chini, mmoja baada ya mwingine.

Miaka ile ya ujenzi mji uliamka. Malori yalipita usiku na mchana, vijana walipata mshahara wao wa kwanza, na wenye maduka ya mabati walijua kuweka akiba. Ni kweli familia zilizolima kandokando ya mto zililazimika kuhama. Maneno yalikuwako, na mengine yapo hadi leo, hasa kwa kuwa nyaya za umeme zilipita juu ya vijiji vingi muda mrefu kabla ya taa kuwaka ndani yake. Hapa itoshe kusema kwamba waliohama waliitoa ardhi yao bora, na Kenya nzima imefaidika.

Ziwa lilitufundisha kazi mpya. Wafugaji wa mbuzi walijifunza kutega nyavu, tilapia na kambare wakafika sokoni, na wavuvi waliotoka Nyanza wakawa majirani na walimu. Viboko na mamba nao wakaongezeka. Tunawakumbuka wote waliopatwa na msiba majini.

Ukame wa 1984, uliobaki vinywani kwa jina la Nikw'a Ngwete, ulitukuta tukiwa na ziwa kubwa na maghala matupu. Mahindi ya njano ya msaada yalikuja, lakini vikundi vya mwethya ndivyo vilivyohakikisha wajane na wazee hawasahauliki.

Ya karibuni tuyataje kwa ufupi. Kiambere ilijiunga na mabwawa ya chini mwaka 1988. Mwaka 2009 maji yalishuka hadi mitambo ya Masinga ikazimwa kwa muda. Baada ya uchaguzi wa 2013 tukaingia Kaunti ya Machakos tukiwa na wadi tano: Kivaa, Masinga Central, Ekalakala, Muthesya na Ndithini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 148,522. Bwawa lilifurika 2018, 2020 na tena 2024. Hoteli ya TARDA (mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi) kando ya ziwa inaendelea kupokea wageni, bodaboda zimejaa stendi, na matope kutoka mashamba ya juu yanaingia ziwani kwa wingi kuliko wahandisi walivyokadiria.

Wale waliohama bondeni wakiwa vijana wenye familia sasa ni wazee wa miaka sabini na zaidi. Majina yao, na ya mashamba yao yaliyo chini ya maji, hayajaandikwa katika kitabu hiki. Tunaziomba shule za wadi zote tano ziwatume wanafunzi wakawaulize mwaka huu.