Shule Ndogo za Wasichana katika Nyanda za Juu: Mambo Yawapasayo Wazazi Kuyajua

Kila mwaka wazazi wengi wa Mbeya na Iringa hukaa shauri juu ya binti aliyemaliza darasa la saba. Shule ya sekondari ya kata ipo karibu, na tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne. Lakini wako wanaotamani shule ndogo ya bweni, ya wasichana watupu, iliyo mali ya dhehebu, ya shirika au ya mtu binafsi. Shauri hilo laweza kuwa jema sana, ila gharama yake ni kubwa. Mzazi akikosea hupoteza ng'ombe na mahindi aliyouza, na binti hupoteza miaka isiyorudi. Kwa hiyo tumeona yafaa tuwakumbushe wasomaji wetu habari za shule hizi tangu zamani, maana ndani yake mna mafundisho kwa mzazi wa leo.

Mwaka 1891 Wamoravian walianza kazi yao Rungwe, na mwaka uo huo wamisionari wa Berlin wakafika nchi ya Konde, kisha wakaenea mpaka Ubena na Uhehe. Baadaye mapadre Wabenediktini wakajenga Tosamaganga, karibu na Iringa. Kila walipokaa walifungua shule, lakini waliojaa humo ni wavulana. Katika Unyakyusa binti mara nyingi alichumbiwa angali mdogo, na ng'ombe za mahari zikaanza kuletwa kwa baba yake. Basi baba aliogopa kwamba binti akikawia shuleni, mkwe atanung'unika. Hata serikali ilipofungua shule ya Malangali mwaka 1928, chini ya Bwana W. B. Mumford, aliyetaka elimu ifungamane na desturi za wenyeji, ilianza kwa wavulana. Wasichana walifundishwa kwa vikundi vidogo na wake wa wamisionari na masista: kusoma, kuandika, kushona na kutunza watoto.

Vikundi hivyo vilimtegemea mwalimu, na mwalimu alitegemea amani ya dunia. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalipoingia Tukuyu na Iringa, wamisionari Wadachi walikamatwa wakaondolewa. Waskoti wa Livingstonia wakaja kuvitunza vituo vya kusini, nao walikuwa wachache mno kwa kazi ile. Wadachi wakarudi katikati ya miaka ya 1920, na vita vya pili vilipokuja wakaondolewa tena. Katika nyakati hizo zote mbili walimu na wazee wa mahali ndio waliozishika shule nyingi zisife. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1969, na serikali ya Tanzania ikazitwaa shule za mashirika zilizokuwa zikipata msaada wake, ili watoto wote wapate nafasi bila ubaguzi. Miaka mingi baadaye, kwa sera ya elimu ya mwaka 1995, mlango ulifunguliwa wazi kwa mashirika na watu binafsi, na shule mpya zikaota kama uyoga baada ya mvua.

Tazameni basi: katika muda wa miaka mia moja shule za nchi yetu zimebadilishwa mikono mara nyingi. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi lisiwe juu ya rangi ya sare wala uzuri wa lango. Na aulize: Mwenye shule ni nani, na yeye akifa au akichoka, ni nani atakayeishika? Je, iko bodi inayokutana kweli? Kidato cha kwanza mpaka cha nne ni miaka minne, na shule iliyosimama juu ya mtu mmoja huweza kuanguka pamoja naye, binti akiwa kidato cha tatu.

La pili ni usajili. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yataka kila shule isajiliwe. Mzazi asione haya kuomba kuonyeshwa cheti cha usajili na namba ya kituo cha mtihani. Kuuliza si ujinga. Tena aombe gharama zote ziandikwe katika karatasi moja: ada, chakula, sare, mitihani na michango, ili mwaka usigeuke katikati.

La tatu ni mitihani, na hapa wengi hudanganyika. Mkoa wetu wa Mbeya ulipata sifa kubwa kwa ajili ya St. Francis Girls, iliyokuwa ya kwanza nchini katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2017, na tena 2018. Bethel Sabs Girls ya Mkoa wa Iringa ilikuwa katika kumi bora miaka hiyo yote miwili. Sifa hizo ni haki yao, na zimewaonyesha watu kwamba mabinti waweza kuwapita wavulana. Lakini mwezi wa Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora, nasi twaona lilifanya vema. Maana shule yenye wasichana arobaini waliochaguliwa haiwezi kupimwa kwa mizani moja na shule ya kata yenye mamia waliopokewa wote.

Tena iko hila. Shule nyingine huweka alama ya kupanda darasa, na binti asiyeifikia hukaririshwa au huambiwa atafute shule nyingine, ili hesabu ya mwisho ing'ae. Njia ya kuitambua ni nyepesi. Matokeo ya kila shule hutangazwa wazi. Mwombeni mwalimu wa kijijini au kijana mwenye simu awasomee. Hesabuni waliofanya mtihani wa kidato cha pili, kisha waliofanya wa kidato cha nne miaka miwili baadaye. Ikiwa walikuwa sitini na sasa ni arobaini, mwulizeni mkuu wa shule: Wale ishirini wamekwenda wapi? Mzazi asijidanganye kwamba binti yake hawezi kuwa mmoja wa wale ishirini.

La nne ni usiku, kwa kuwa mchana kila shule ina macho mengi. Huko Mbweni, Unguja, Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 akawalea wasichana waliokombolewa utumwani. Akadumu katika kazi hiyo kwa miaka mingi. Kudumu kwa mlezi ni dalili kubwa. Ulizeni mlezi wa bweni amekaa miaka mingapi, na kwa nini aliyemtangulia aliondoka. Kisha ingieni bwenini. Mwaka 1994 bweni la wasichana liliungua katika shule ya Shauritanga, Kilimanjaro, na wasichana zaidi ya arobaini wakafa. Kwa hiyo tazameni kama milango ni zaidi ya mmoja, kama hufunguliwa kwa ndani, na kama madirisha yenye nondo yaacha njia ya kutokea. Tazameni vyoo na maji. Na kwa kuwa baridi ya Mufindi mwezi wa Juni si mchezo, pigeni hesabu ya blanketi pia.

La mwisho twalisema kwa uzito. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyekatiza masomo kwa kujifungua arudi shuleni. Ulizeni shule mnayoitaka itamtendeaje binti wa namna hiyo. Jibu lake litawaonyesha kama inawapenda watoto au inalipenda jina lake tu.

Ndugu wazazi, mabibi zetu walinyimwa shule kwa sababu ya ng'ombe. Tusimpeleke binti wa leo penye jina kubwa pasipo kupajua. Nendeni wawili, baba na mama, siku ya kazi wala si siku ya sherehe. Na binti mwenyewe aende pamoja nanyi, asikilizwe naye, maana ndiye atakayelala huko.