Pikapu Mpya za Barabara ya Magunga: Ipi Inakukalisha Poa na Haimezi Dizeli?

Kama ndai yako mpya itakuwa inatoka Magunga kushuka Sori ama kupandisha Sindo hadi Mbita, wacha kwanza picha za showroom. Pikapu huku Gwassi inabeba omena wiki mzima, Jumamosi inapeleka watu matanga, na Jumatatu mathe ana kliniki Homa Bay. Gari ni moja na mkopo wa sacco ni mmoja, ukichagua vibaya utalipa miaka kadhaa ukiumwa mgongo.

Tuanze na viti. Hilux, D-Max na Ranger zote za kazi ziko na springi za nyuma za vyuma vilivyopangwa moja juu ya nyingine. Zikiwa na magunia zinatulia vizuri, lakini zikiwa tupu kwenye marram zinarusha watu kama popcorn. Nissan Navara ya dabo kabu iliyotoka 2014 ilileta springi za kujisokota nyuma, na abiria wa nyuma husikia tofauti hata bila kuambiwa. Shida ni kwamba ukiijaza mzigo mzito kila siku, makalio yake yanashuka haraka kuliko za wenzake.

Kwa raha ya ndani, Ranger iliyozinduliwa 2022 ndiyo iko juu. Skrini yake imesimama wima kama tableti, sauti ya injini haiingii sana, na viti ni vya gari ndogo ya kifahari. Hilux ni ngumu kidogo, kusema ukweli, ila haina maringo. D-Max ya kizazi cha tatu, ile iliyotambulishwa Thailand 2019, imepiga hatua kubwa: dashibodi si ya lori tena. Halafu Isuzu huunganishwa hapa Nairobi, Mombasa Road, kwa hivyo kupata spea si safari ya ng'ambo.

Sasa mafuta, mahali wasee hulia. D-Max ya lita 1.9 na Hilux ya lita 2.4 zote zinatoa karibu nguvu za farasi 150. Isuzu ina injini ndogo na hiyo humsaidia anayetembea mbio za kawaida na mzigo wa wastani. Hilux ina mvuto zaidi, hadi 400 Nm, kwa hivyo ukipanda milima ya Gwassi umejaza haukanyagi sana. Ile ya lita 2.8 ama D-Max ya lita 3.0 nunua tu kama unavuta trela ama unabeba full kila siku. Ya kupiga luku itakukula doh bure.

Usiamini namba za brosha, hizo hupimwa bila mzigo na bila vumbi. Omba gari la majaribio, jaza tanki hadi pampu ikatike, tembea njia yako, rudi kwa pampu ileile ujaze tena. Ukitembea kilomita 220 na ikameza lita 20, hiyo ni kilomita 11 kwa lita. Basi, hesabu imeisha. EPRA hubadilisha bei tarehe 14 kila mwezi, lakini hiyo namba yako haibadiliki.

Kitu ingine: injini hizi mpya za dizeli zina injekta za presha kubwa na hazipendi maji. Dizeli ya mtungi wa kando ya barabara inaweza kukuuzia bili ya fundi inayomaliza faida ya msimu mzima wa omena. Jaza Sindo ama Mbita kwa pampu ya maana, hata kama ni mbali kidogo. Pia pima upepo wa tairi kila wiki, tairi laini hula mafuta kimyakimya.

Na siku ya kujaribu, usiketi mbele pekee. Mwambie muuzaji aendeshe, wewe ukae nyuma katikati, magoti juu, upite kwa rasta kadhaa. Hapo ndipo mathe atakaa.